Shika Bomba Kwanza

Vebjørn, weka hiyo tableti chini.
Najua inakuonyesha kila chumba cha shule hii kwa kijani,
na kijani, walikwambia chuoni, ni salama.
Weka chini. Vua glavu.
Shika bomba.

Baridi, sivyo?
Skrini inasema vali iko wazi, mia kwa mia.
Haikudanganyi. Inakutajia ilichoamuru,
kama bosi aliyetuma barua
akadhani kutuma ndiko kufika.
Mulika hapa: mota inazunguka, inazunguka,
na shina la vali limesimama tuli
kwa ajili ya skrubu moja, ndogo kuliko jino la mtoto,
iliyolegea tangu sijui lini.

Usiguse bado. Niambie ulichokiona.
Hapana, si unachodhani.
Ulichokiona.

Hammerfest, Januari. Jua hatujalitia machoni tangu Novemba,
nje nyuzi tisa chini ya sifuri,
na Mwalimu Gunnvor wa darasa la tatu
anafundisha kujumlisha akiwa na koti.
Watoto wamevaa kofia za sufu hadi nyusini.
Hao ndio kipimajoto. Waulize kabla ya kompyuta.

Jana uliniuliza mbona maktaba inaganda
ilhali kihisi kinasoma ishirini na saba.
Ukataka kuandika programu upya, mistari arobaini,
vidole tayari vinakuwasha.
Nikakupeleka, ukaona mwenyewe:
mtu alihamisha mashine ya fotokopi,
akaiegemeza ukutani, chini ya kihisi kabisa,
ikawa inakipumulia usoni kutwa.
Tuliisukuma mita mbili. Basi.
Ulinuna kidogo, nilikuona.
Mimi pia, katika umri wako,
nilitaka tatizo linalonistahili.

Sasa sikiliza, hili halimo kwenye kitabu cha mtambo.
Mwaka wangu wa pili, nyumba ya wazee kule mlimani,
kinga ya barafu ilikuwa ikizima feni kila usiku,
nami kila usiku naamshwa.
Nikachoka. Nikachukua kipande cha waya,
nikairuka ile kinga, "hadi kesho tu."
Kesho nikapangiwa kazi kwingine.
Koili ikaganda, ikapasuka,
maji yakashuka ghorofa mbili
mpaka ndani ya piano ya chumba cha kulia
ambayo Bibi Solfrid aliipiga kila Jumapili.
Hakunilaumu. Alivifunika tu vibao vyake kwa taulo
kama mtu anayemfunika mgonjwa.
Waya wenyewe huu hapa, hautoki mfukoni mwangu:
buluu, sentimita kumi.
Shika.
Haya, nirudishie.

Na uandike. Kila unachobadilisha,
tarehe na jina, kwa mwandiko wa kusomeka,
kwenye karatasi iliyo mlangoni mwa kabati, si kichwani.
Atakayekuja baada yako hakujui,
na huenda ni wewe mwenyewe,
usingizi umekujaa machoni.

Sasa bisibisi. Robo mzunguko.
Usikaze kwa hasira; shaba haibishani, inakatika.
Vizuri. Umesikia? Shina limeshuka.
Weka kiganja.

Usiniangalie mimi, mimi si bomba.
Ngoja.
Maji yana safari, yanatoka chini kwenye boila,
yanapita jimu, yanapita vyoo vya wasichana,
hayaharakishwi na cheti chako wala changu.

Ngoja.

Naam. Mabega yako yamenijibu.

Ijumaa simu ya zamu utalala nayo wewe.
Ukinipigia saa tisa usiku nitapokea,
nami nitakuuliza jambo moja tu,
kwa hiyo usipige
kabla hujavua glavu.